Kuifuata Deraya ya Dendra

Ilikuwa saa mbili na robo usiku, na jua la Athens bado halijazama. Mtu wa Dar es Salaam, ambaye maghribi yake mwaka mzima haiendi mbali na saa kumi na mbili na nusu, hajui ale chakula cha usiku au asubiri. Nilikula, na giza lilipoingia nikala tena. Ndiyo kwanza nifike Ugiriki, na sababu ya safari niliona haya kumweleza ofisa wa uhamiaji: nilikuwa natafuta kanuni za mchezo.

Mimi na marafiki zangu tunacheza Dungeons & Dragons. Kila mtu mezani huwa mhusika, na dadu ya pande ishirini ndiyo inayoamua kama upanga umempata adui au umekata hewa. Tulitaka kuihamishia hadithi yetu Ugiriki ya Zama za Shaba, jedwali la deraya likatukwamisha. Limetungwa kwa Ulaya ya ngome na mashujaa wa farasi: katika toleo la 2014, deraya kamili ya mabamba inampa mvaaji kinga 18 (namba ambayo dadu ya adui, pamoja na nyongeza zake, lazima iifikie ili kumpata), bei yake sarafu 1,500 za dhahabu, uzito pauni 65, yaani kama kilo 29. Ushauri wa kawaida kwa hadithi za kale ni kufuta: mabamba yaondoke, mashati ya pete za chuma yaondoke, watu wabaki na ngozi. Nami ndiye msimulizi wa kundi, kalamu ya kufutia iko mkononi mwangu. Nikasema nikaone kwanza.

Asubuhi nikaingia Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia na kuganda mbele ya jambia moja kutoka makaburi ya Mycenae, yale aliyoyafukua Heinrich Schliemann mwaka 1876. Juu ya bapa lake wamechorwa kwa dhahabu na fedha wanaume wanaowinda simba. Mmoja ameshaanguka. Hakuna aliyevaa deraya! Wana vikaptula tu, na ngao kubwa za kufunika kuanzia kidevuni hadi miguuni. Mpiga upinde hana hata ngao. Amejibanza kwa wenzake. Katika kanuni zetu ngao yoyote huongeza kinga kwa 2, basi. Hawa ngao ndiyo maisha yao. Nikaandika papo hapo: ngao ya mwili mzima, kinga 5, na anayejibanza nyuma yake apate nusu. Panga ndefu za pembeni nazo zikanipa kanuni ya pili, maana kikonyo cha kuingia kwenye mpini ni chembamba mno kwa urefu ule. Dadu ikionyesha 1, mpini unavunjika.

Basi la Nafplio lilipita juu ya Mfereji wa Korintho kwa kasi, nikaona ukuta wa mwamba na ufito wa maji ya buluu, kwisha. Mji wenyewe ni mzuri kuliko ninavyoweza kueleza hapa. Makumbusho yake yamo katika ghala la Waveneti la mwaka 1713, na huko juu, ndani ya kioo, ndiko iliko deraya iliyopatikana kaburini katika kijiji jirani cha Dendra mwaka 1960.

Nilicheka peke yangu. Ni mabamba ya bronzi, shaba iliyochanganywa na bati, yenye umri wa miaka zaidi ya 3,400. Shingo imezungushiwa kola iliyopanda hadi mdomoni, na kuanzia kiunoni mabamba yanashuka moja chini ya jingine, yakizidi kupanuka, kama sufuria za sokoni zilizofunikwa kifudifudi kwa ukubwa wake. Juu kuna kofia ya meno ya nguruwe mwitu. Kwa muda mrefu wapo waliodhani ni vazi la sherehe tu. Mwaka 2024 watafiti wa Ugiriki wakatangaza kwamba askari wa majini wa nchi hiyo walivaa nakala yake na kuiga mapigano kwa saa 11, wakamudu. Uzito wa ile ya kale unakadiriwa kuwa kama kilo 18.

Basi ningefuta nini? Nimeipa kinga 18 ileile, na uzito nikaupunguza. Nilichofuta ni bei. Kitu kama hiki hakikai dukani. Unapewa na mfalme, au unamvua marehemu.

Usiku nikawatumia picha. Rafiki yangu, ambaye mhusika wake hukosi kumkuta mstari wa mbele, akajibu: "Kaka, hiyo niandikie mimi." Nikamwambia atazame ubavuni. Kifua na mgongo vimeunganishwa kwa bawaba upande wa kushoto, kulia vinafungwa, na mabega yanakuja juu yake. Peke yako hujivalishi. Akabishana hadi saa sita, kisha akakubali kuwa na mtumishi wa kumfungia kamba. Hajauliza kama mtumishi huyo anaweza kuhongwa.