Uzi Haukupotea

Bukavu ni mji wa milima, kando ya ziwa Kivu. Uko juu ya bahari kwa meta 1,500 hivi, na usiku kuna baridi. Katika nyumba moja ya mji ule alizaliwa mtoto. Dada yake akatamani kumfumia kofia ya sufu.

Shangazi akamwambia: «Hujui bado. Fuma kwanza kitambaa.»

Msichana akachonga vijiti viwili vya mwanzi, akavisugua mpaka vikawa laini. Shangazi akamwonyesha: ingiza kijiti katika kitanzi, zungusha uzi, vuta kitanzi kipya, kisha uache cha zamani kitoke. Akaanza na vitanzi 20.

Msichana alifanya haraka, maana alimwaza mtoto. Jioni kitambaa kilikuwa chembamba juu, kipana chini. Akakificha chini ya mkeka. Lakini shangazi alikitafuta, akahesabu: vitanzi 17 tu! Vitatu vilianguka, na vya chini yake vikaachana kimoja kimoja.

«Fumua,» akasema shangazi.

Msichana akalia: «Kazi yangu yote imepotea!»

«Tazama, uzi ungali wote. Na mikono yako imekwisha kujifunza.»

Akaanza tena. Sasa alihesabu kila mwisho wa mstari. Siku ya tatu kitambaa kilinyoka pande zote mbili. Ndipo alipokifumua mwenyewe, bila kulia, na kwa uzi ule ule akafuma kofia ya mtoto.