Kabla Hujanunua Kikande, Skia Hii

Wasee, kama mmekuwa mkitafuta ile video ya samaki anayevunja kaa kama njugu, msisumbuke. Nimeifuta. Ilikuwa na watazamaji zaidi ya laki mbili, na najua wengi wenu mlinijua kupitia hiyo. Leo naandika badala ya kurekodi kwa sababu nikishika simu nitaanza kuchekesha, na hii stori nimeichekesha vya kutosha.

Samaki mwenyewe ni kikande. Hilo ndilo jina la Pwani. Huku Nairobi aliyeniuzia alimwita Picasso, kwa vile amechorwa mistari ya buluu, njano na nyeusi kama ukuta ambao mtu alikuwa akijaribia brashi. Wanasayansi wanamwita Rhinecanthus aculeatus. Mdomo mdogo, meno kama patasi, na macho mawili ambayo kila moja linazunguka kivyake. Unakaa mbele ya tangi ukidhani unamtazama, kumbe jicho moja linakukagua na lingine linahesabu samaki wenzake.

Tangi nililipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama nchi, lita 300, na mawe yake ndani. Hapo sikukosea sana. Nilingoja wiki sita nzima kabla ya kuweka kiumbe chochote, mpaka bakteria wanaokula uchafu wa samaki walipoenea kwenye mawe. Nilipima chumvi karibu kila siku. Nilikaa bila kununua viatu ili ninunue taa za matumbawe. Kuna mtu ataniambia ningefuga kuku. Sawa, lakini hakuna kuku anayekungoja usiku ukitoka kazini kama ile rangi ya zambarau kwenye giza.

Mdogo wangu, aliyekuwa gredi ya 7 wakati huo, ndiye aliyekuwa mshirika wangu. Aliweka akiba ya nauli (alikuwa anatembea kwa mguu kutoka shule, Mathe hakujua) akanunua kamba mmoja msafishaji, mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni. Hawa kamba husimama juu ya jiwe wakitikisa sharubu ndefu nyeupe, samaki wanakuja, nao wanawachokoa wadudu mwilini na hata mdomoni. Akamwita Mama Fua. Ukiingiza mkono majini, Mama Fua alikuja kukusafisha kucha. Dogo alikuwa anaweka mkono pale dakika ishirini, akisoma historia kwa mkono ule mwingine.

Halafu mimi nikaona kikande dukani.

Alikuwa wa sentimita saba hivi, na alinikimbilia kwenye kioo kama ananijua. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya kodi yangu. Muuzaji aliniambia jambo moja tu: "Huyu ni mkali kidogo." Walai, hilo neno "kidogo" limenigharimu.

Siku ya tatu alianza kuhamisha mawe. Anashika kipande cha tumbawe kwa meno, anakibeba, anakitupa huko. Anapuliza mchanga mpaka shimo linatokea, maji yote yanakuwa kama uji. Akatafuna waya wa hita. Usiku analala kwa ubavu ndani ya mwanya, na mara ya kwanza nilidhani amekufa. Ukimgusa anajikaza humo kwa mwiba wa mgongoni: ule wa kwanza ukisimama, wa pili unaufunga kama komeo, na huwezi kumvuta hata ufanye nini. Akikasirika anakoroma, na sauti unaiskia ukiwa kitandani. Kwa kuwa alikuwa anafukuza wapangaji wote, tukamwita Landilodi.

Konokono waliisha ndani ya wiki mbili. Wale kaa wadogo wanaoishi kwenye maganda ya konokono nao wakaisha. Mimi nikaona kontenti.

Nilinunua kaa hai, nikawasha simu, nikamtupa ndani. Landilodi alimng'oa miguu mmoja mmoja, halafu akapasua gamba. Nikaweka muziki wa ndondi. Kufikia asubuhi simu ilikuwa imejaa komenti: weka mkubwa zaidi, weka wawili, weka kamba. Sitasema mlinilazimisha. Niliweka mkubwa zaidi, nikaweka wawili, na nikawa naamka nikiwaza leo nimpe nini.

Dogo aliniambia mara moja, "Huyu atamkula Mama Fua." Nikamwambia wamezoeana, mbona miezi miwili imepita na hajamgusa. Hiyo ni kweli, na ndiyo inawachanganya wengi kuhusu kikande. Anaweza kuishi na mtu vizuri mpaka siku anapokuwa mkubwa kidogo, au siku yule mwingine anapojibadilisha gamba. Kamba akishabua gamba la zamani, mwili wake hubaki laini kwa muda, na hapo hata kujificha ni shida. Ilikuwa usiku wa Jumapili. Nilikuta sharubu mbili nyeupe zikielea karibu na pampu.

Na hapa ndipo naona aibu zaidi. Nilichukua simu kabla ya kumwita dogo. Nilirekodi zile sharubu, nikaandika maneno ya mzaha kuhusu Mama Fua kufukuzwa kazi, nikapost. Dogo aliiona shuleni kwenye simu ya mwenzake. Alikaa wiki tatu bila kuingia chumbani kwangu. Hakunifokea wala kulia. Jioni alikuwa anapitiliza tu.

Desemba tulienda Pwani kwa shangazi, nikawalipia wote boti ya kutazama matumbawe ndani ya hifadhi ya Watamu. Nakubali ilikuwa hongo. Dogo alikaa upande ule mwingine wa boti. Hifadhi hiyo ililindwa tangu 1968, pamoja na ile ya Malindi, na ndani yake samaki hawavuliwi. Niliingia majini na miwani ya kuogelea, nikaona kikande wa aina nyingine, wa kijani mwenye mistari ya rangi ya chungwa, akihangaika na kitu kwenye mwamba. Kilikuwa urchini, yule wa mviringo aliyejaa miiba pande zote. Kikande alimshika mwiba mmoja kwa ncha ya meno, akamvuta, akampindua tumbo juu kule ambako miiba ni mifupi, akapasua. Vilevile kabisa Landilodi anavyofanya. Samaki wadogo wakaja kugombania makombo.

Nilipopanda botini nahodha, mzee wa makamo, alikuwa anacheka. "Kijana, wamtazama sana yule. Kwani hujamuona kikande?"

"Nimemwona, mzee. Niko na mmoja Nairobi, namfuga."

"Wamfuga? Wa kula?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema kikande ni samaki mwepesi kuingia kwenye lema, na kwamba nje ya hifadhi kuna mahali ukikanyaga ni miiba mitupu. "Yule akiondoka, wa miiba ndio huona raha."

Nilidhani ni maneno ya kumfurahisha mgeni. Niliporudi nikasoma, nikakuta tangu miaka ya 1980 watafiti kama Tim McClanahan na Nyawira Muthiga wamelinganisha miamba ya Kenya iliyolindwa na isiyolindwa. Ile inayovuliwa sana ilikuwa na urchini wengi mno. Urchini wanakula mwani kwa kukwangua mwamba wenyewe, kwa hivyo wakizidi, wanausaga mwamba pole pole. Na mlaji wao mkuu katika miamba yetu ni yule wa mistari ya chungwa niliyemwona, Balistapus undulatus. Yaani ile tabia niliyoiwekea muziki wa ndondi ndiyo inayosaidia matumbawe yasisagwe. Baharini anaharibu kidogo hapa, anahama, ana eneo lake kubwa. Kwangu alikuwa na lita 300 na kamba mmoja.

Kwa hivyo mkiniuliza, na mnaniuliza sana kule inboksi: kikande anaweza kufugwa? Ndiyo, lakini chagua kwanza. Ukitaka tangi la matumbawe lenye kamba na konokono, usimlete Picasso. Kuna jamaa zake wanaokula vijidudu vinavyoelea majini, kama yule mwenye koo la buluu, Xanthichthys auromarginatus, au yule wa zambarau mwenye meno mekundu, Odonus niger. Hao huwa wapole kiasi kwa matumbawe, ingawa kamba wako bado siwawekei dhamana. Ukimtaka Picasso, basi tangi ni lake. Anaweza kufika sentimita 30, kwa hivyo lita 300 ni chumba cha muda. Mpe chaza na kamba waliokufa wakiwa na magamba yao, ili meno yapate kazi. Na usinunue kaa hai ili upate watazamaji. Hiyo nasema kama mtu aliyepata watazamaji.

Wengine mmeniambia nimrudishe baharini. Nilitaka sana, hata niliwaza kumbeba kwenye ndoo ndani ya basi la usiku. Lakini samaki aliyekaa tangini na viumbe wa kutoka kila mahali anaweza kupeleka magonjwa ambayo mwamba haujawahi kuyaona, na wala sijui alivuliwa wapi. Nilimnunua, kwa hivyo ni wangu.

Matumbawe nimeyagawa kwa watu wawili wenye matangi yaliyotulia. Taa za bei nimeuza, na hizo pesa zimeingia kwenye tangi la lita 600 ambalo fundi wa vioo bado ananizungusha. Mathe anasema sakafu itaporomoka. Stima ikipotea tunapokezana kubadilisha betri za pampu ya hewa, mimi zamu ya usiku, dogo ya alfajiri.

Ndiyo, amerudi. Hakusema lolote, aliingia tu siku moja na koleo la jikoni, akauliza chaza ziko wapi. Siku hizi yeye ndiye anamlisha. Landilodi akimwona anapanda mpaka juu, anatoa mdomo nje ya maji na kutema. Juzi alimpata usoni, miwani yote ikalowa, dogo akacheka mpaka Mathe akaja kuangalia kuna nini. Simu yangu ilikuwa sebuleni, kwenye chaja.