Nukta Nyekundu

Mtoto alitumwa na bibi yake shambani kuchuma pilipili zilizowiva. Akarudi na pakacha lililochanganyika mbichi na mbivu. Bibi akacheka, akamwita mvivu. Mara ya pili akamwita msahaulifu. Mara ya tatu hakumwita jina lolote. Alinyamaza, na tangu siku ile akawa anamtuma binti wa jirani. Mtoto naye akajifunza jambo moja: asiseme.

Miaka ikapita. Mtoto akawa kijana, akasomea kompyuta, akapata kazi katika ofisi moja mjini Unguja. Kazi yake ilikuwa kuangalia batli za mitambo. Neno hili ni la mabaharia: batli ni daftari la chombo, ambamo huandikwa mwendo, upepo na mikasa ya safari. Hata neno wanalolitumia Waingereza kwa jambo hilihili asili yake ni gogo. Mabaharia wao walitupa baharini kipande cha ubao kilichofungwa kamba yenye mafundo, wakayahesabu mafundo yaliyopita mkononi, wakajua kasi ya jahazi, wakaiandika. Kompyuta nazo zina batli zao. Mtu ameingia, faili limehifadhiwa, ombi limekataliwa: kila tendo hupewa mstari wake, na saa yake, chini ya mstari uliotangulia. Kwa siku moja mistari hufika maelfu, na hakuna jicho liwezalo kuisoma yote. Ndipo wenye programu wakaitia rangi: kijani kwa lililo salama, manjano kwa onyo, nyekundu kwa kosa.

Ofisini mle, kila usiku ilichukuliwa nakala ya akiba ya kumbukumbu zote. Ikikamilika, programu iliandika tarehe na nukta ya kijani. Ikishindikana, iliandika tarehe na nukta nyekundu. Hapakuwa na neno, ila nukta. Siku 9 mfululizo nukta ilikuwa nyekundu. Siku 9 kijana aliitazama, akaona nukta ileile ya jana, akaenda zake. Siku ya 10 diski ikaharibika.

Aliyeulizwa ni yeye. Aliitwa mzembe mbele ya watu. Jibu alikuwa nalo, wala hakulitoa.

Si yeye peke yake aliyeumbwa hivyo. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, hukadiriwa kuwa mwanamume 1 katika kila 12 hazitofautishi vyema nyekundu na kijani. Wanawake ni wachache zaidi, kwa kuwa hali hiyo hurithiwa kwa njia ya kromosomu ya X. Lakini ilivyo ni kuwa hata mwenye macho mazima hana hakika na rangi za batli, kwani rangi hizo si wino. Katika terminali, yaani kile kiwambo cha maandishi matupu, rangi ni amri iliyofichwa ndani ya mstari: alama ya siri yenye namba 27, bano la mraba, tarakimu, kisha herufi m. Tarakimu 31 ni nyekundu, 32 ni kijani, 33 ni manjano, na 0 hurudisha hali ya kawaida. Mwandishi wa programu husema tu "nyekundu". Ni wekundu gani, huamua kiwambo cha msomaji na mandhari aliyoichagua. Mwaka 2011 Ethan Schoonover alitoa mandhari mashuhuri iitwayo Solarized. Humo, nafasi kadhaa zilizozoeleka kuwa za rangi zing'aazo zilipewa vivuli vya kijivu, na moja yao, katika mandhari ya giza, ikalingana na usuli wenyewe. Programu inayoandika kwa rangi hiyo huandika kweli, na maandishi yakawapo, na msomaji asione kitu.

Batli ikitoka kwenye terminali kwenda kwenye kurasa za tovuti, mambo huzidi. Kivinjari hakiijui amri ya 31. Mstari ukihamishwa bila kufasiriwa, mabano na tarakimu huzagaa katikati ya maneno kama miba katika mchuzi. Lazima pawepo mfasiri: programu inayoisoma 31 na kuweka mahali pake rangi iliyopimwa hasa, wekundu kiasi gani, ukijani kiasi gani, ubuluu kiasi gani. Na mfasiri huyu, kama wafasiri wote, hana budi kuchagua. Palipokuwa na jina tu, sasa yatakiwa rangi yenyewe. Na manjano yaliyong'aa juu ya weusi wa terminali hufifia juu ya ukurasa mweupe hata yasisomeke. Katika safari hiyo, rangi ndiyo ya kwanza kupotea. Neno hufika.

Hili lilikwisha kuonekana mapema. Katika miaka ya 1980, Eric Allman wa Berkeley, Marekani, alipotunga syslog, kila ujumbe ulipewa daraja lake, na madaraja hayo ni 8: kuanzia 0, la dharura kuu, hadi 7, la kuchunguza hitilafu. Daraja ni tarakimu iliyo ndani ya ujumbe. Rangi ni vazi linalovikwa baadaye. Na tangu mwaka 2017 ipo desturi iitwayo NO_COLOR, ambayo kwayo mtumiaji huziambia programu zake zisitie rangi kabisa. Programu iliyotungwa vyema huvuliwa vazi lake na ikabaki inasomeka.

Wapenzi wa mashairi wana sababu ya kulikumbuka jambo hili. Husimuliwa kuwa Abu al-Aswad al-Du'ali, katika karne ya 7, aliziweka irabu za Kurani kwa nukta za rangi iliyotofautiana na wino wa maandishi. Katika karne ya 8 akaja al-Khalil ibn Ahmad, mwanachuoni wa Basra mwenye asili ya Oman, yuleyule aliyeasisi elimu ya arudhi, mizani ya ushairi wa Kiarabu. Yeye akaziacha nukta za rangi, akaweka alama zenye maumbo, ili irabu iandikwe kwa wino uleule wa herufi na bado ijulikane. Aliyepima bahari za mashairi kwa sikio hakutaka maana itegemee wino wa pili.

Kijana hakumwambia mkubwa wake. Alikwenda kwanza kwa bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekuparama?"

Akamweleza yote: nukta, siku 9, diski, na watu waliokaa wiki nzima wakiingiza upya hesabu kutoka katika stakabadhi za karatasi, nyingine zisionekane tena. Kisha akalisema lile ambalo hakuwahi kulisema.

Bibi akakaa kimya kitambo.

"Nilijua," akasema. "Tangu zile pilipili. Nikaona nikinyamaza ndiyo sitara."

Asubuhi yake kijana aliifungua programu. Kila palipokuwa na nukta ya kijani akaongeza neno IMEFAULU, na kila palipokuwa na nukta nyekundu, IMESHINDWA. Rangi akaziacha palepale, kwa wanaoziona. Kisha akaenda kwa mkubwa wake, akafunga mlango nyuma yake, akaeleza.

Jioni aliporudi kwa bibi alimkuta uani, kapu la pilipili miguuni. Bibi akamshika mkono, akamtia pilipili mbili kiganjani.

"Papasa," akasema. "Iliyowiva hulainika. Haya ningalikufundisha zamani."