Ile "Tiip" ya Saa Tisa Usiku

Wasee, kuna sauti moja nikiisikia hata kwa ndoto naamka. Tiip. Halafu kimya. Ukianza kusinzia tu, tiip tena.

Kwa wale wageni hapa: mimi niliacha kampasi mwaka wa tatu, nikisomea uhandisi wa umeme. Karo ilikataa. Siku hizi, mbali na video, naangalia nyumba mbili za Airbnb pale Kilimani, za mama mmoja anayeishi majuu. Nafua shuka, napokea wageni, naombea nyota tano. Kila nyumba ina kengele ya moshi isiyo na waya. Iko juu kwa dari na inaongea na paneli ndogo kando ya mlango. Julai iliyopita, paneli ya nyumba ya kwanza ikaanza kulia kwamba betri ya kengele inaisha.

Rahisi, nikajiambia. Ndani kuna betri mbili fupi nene za volti 3, zinaitwa CR123A. Nikabadilisha moja, nyingine nikaiacha kwa sababu nilikuwa nimesota. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, maana ile kuukuu huivuta mpya chini. Ikaendelea kulia. Nikashuka Luthuli, nikanunua mbili za bei ya kutupa, nikazipima na mita. Volti 3 kamili, zote. Ikanyamaza siku mbili, halafu saa tisa usiku mgeni akanipigia simu amekasirika. Jua lilipotoka, kimya kabisa. Ningekuwa mtu wa kesha ningesema ni pepo.

Mgeni akaacha nyota tatu. Madam akanitumia picha ya hizo nyota kwa WhatsApp, bila neno hata moja.

Basi nikafanya kile karibu kila mtu hufanya. Nikapanda kiti, nikazungusha kidude kikatoka, nikatoa betri, nikakitupa kwa droo ya jikoni pamoja na kichungi cha chai. Paneli ilipouliza kidude chake kiko wapi, nikaibofya inyamaze. Wiki nzima ya amani, manze.

Wiki iliyofuata akaja mama mmoja kutoka Nakuru na watoto wawili, mdogo alikuwa na kliniki mjini. Nikimwonyesha jinsi ya kuwasha koka, akaangalia juu.

"Kijana wangu, hapo palikuwa na nini?"

"Kengele ya moshi, mama. Iko kwa fundi."

"Haya." Akaniamini. Akaanza kutoa nguo za watoto kwa begi.

Usiku huo sikulala. Mimi nimekulia Mukuru. Septemba 2011, moto wa mafuta ulipopiga Sinai na kuua zaidi ya watu 100, nilikuwa na miaka tisa. Sitaandika nilichokiona. Nasema tu kwamba mtu kama mimi ndiye hakufaa kabisa kuweka kitu hicho kwa droo juu ya nyota mbili.

Saa kumi na moja asubuhi nikampigia fundi mmoja wa kamera za usalama. Alicheka kwanza. "Na wewe ndio ulisomea stima? Ulipima betri ikiwa imelala. Ipime ikifanya kazi."

Mihula mitano ya uhandisi, jameni. Betri hafifu ikiwa haina mzigo inaonyesha volti poa tu, lakini kidude kikitaka kutuma ujumbe, volti inaanguka. Na baridi huifanya ianguke zaidi, ndio maana ililia usiku wa Julai na kunyamaza mchana. Hakukuwa na pepo, kulikuwa na betri feki.

Nikanunua mbili za kweli, kampuni moja, zenye tarehe ya kuisha. Zilikula pesa yangu ya bando ya wiki. Kabla ya kuziweka nilibonyeza kitufe cha kujaribu kwa sekunde kama ishirini bila betri, kumaliza chaji iliyobaki ndani. Nikafuta vile vibati vya betri na kitambaa kikavu, nikapangusa vumbi na brashi laini. Nikakirudisha juu, nikamwonya mama, nikabonyeza kitufe mpaka king'ora kikalia. Hatua hiyo watu huiruka. Paneli haifuti onyo kwa sababu umebadilisha betri, inangoja kidude chenyewe kiiambie. Kuna zingine hungoja hadi ripoti yao ya kawaida ifike, na hiyo huchukua muda, kwa hivyo usianze kuvunja kitu.

Mtoto mdogo alilia kwa ile kelele. Mkubwa akataka irudiwe.

"Kumbe ilikuwa kwa droo," mama akasema. Alikuwa ameona kichungi na lile shimo la vumbi la mviringo. Sikujibu. Alinipa nyota tano na sijui kama nilizistahili.

Jioni nikaenda nyumba ya pili, ambayo haijawahi kulia. Nikageuza kidude nyuma kusoma tarehe ya kutengenezwa: 2012. Hivi vitu hupewa miaka kumi hivi, baada ya hapo sensa imechoka hata ukiweka betri ya dhahabu. Nikampigia picha Madam.

"Tungoje mwisho wa mwezi," akaandika.

Nyumba ina wageni Ijumaa. Nimefunga kalenda yake mpaka kidude kipya kifike, na bado sijamwambia.