Suka Amepaki Ifakara

Zamani safari ya lori kutoka Dar es Salaam hadi Ifakara ilikuwa safari mbili ndani ya moja. Ya kwanza ilikuwa ya lami: Chalinze, Morogoro, hifadhi ya Mikumi ambako dereva hupunguza mwendo kwa ajili ya tembo na twiga, kisha kona ya kushoto pale Mikumi mjini kushuka Kidatu kwenye mashamba ya miwa. Ya pili ilianza lami ilipoishia. Kiangazi ni vumbi mpaka kwenye kope. Masika ni tope, jembe, jeki na matawi ya miti chini ya tairi. Mang'ula, Kisawasawa, Kiberege: abiria waliyasoma majina hayo kwenye vibao, suka, yaani dereva wa lori, aliyajua kwa mashimo yake.

Alianza kama utingo, akilala juu ya mzigo chini ya turubai, hadi akakabidhiwa usukani. Alipeleka saruji, bati, mbolea na soda, akarudi na mchele. Swali la tajiri halikubadilika miaka yote: umefika wapi? Lilipoingia kwenye simu ya mkononi ndipo likawa halimpi hata nafasi ya kumaliza sahani ya wali kwa mama ntilie. Alilala kwenye kabini, akaoga kwenye visima vya watu, na habari za wanawe kuanza shule alizipata akiwa njiani.

Leo amepaki Ifakara. Yeye ni mzaliwa wa Muheza, mke wake ni Mndamba wa bondeni, na ulipofika wakati wa kuchagua pa kuzeekea, mkewe ndiye aliyesema twende kwetu. Nyumba ni ya tofali za kuchoma, mwembe mbele, banda la kuku nyuma. Vijana wa kijiweni wanamwamkia, "Shikamoo, suka," naye anaitikia marahaba kwa moyo mweupe, ingawa chombo pekee anachoendesha sasa ni baiskeli.

Baiskeli Ifakara si kitu cha kuonea haya. Mji umekaa tambarare, na kila mtu anapanda: muuguzi anayekwenda zamu Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, mwanafunzi, mama mwenye ndoo ya samaki, mzee mwenye gunia la mpunga lililofungwa kwa mipira ya tyubu nyuma ya kiti. Ya kwake anaisafisha mwenyewe kila Jumamosi. Anaigeuza matairi juu chini ya mwembe, anafuta mnyororo kwa kitambaa, anadondoshea oili kiungo kwa kiungo huku akizungusha pedali kwa kidole, na kusikiliza. Sikio la dereva halistaafu.

Lakini mtu akimsifia maisha ya polepole ya zamani, uso wake unabadilika. Upolepole wa zamani anaujua: alikaa nao kwenye foleni ya kivuko. Kabla ya daraja, gari lililotaka kwenda Mahenge au Malinyi lilisubiri kwenye ukingo wa Mto Kilombero, utingo akaweka jiwe nyuma ya tairi, na hapo hakuna mwenye kujua saa ya kuvuka. Mto ukijaa, mnalala. Ng'ambo ya pili kulikuwa na wagonjwa kutoka Ulanga waliotakiwa kufika hospitali ya Ifakara, wengine wamelazwa nyuma ya pikapu, ndugu wakiwapepea kwa khanga. Januari 2016 upepo mkali ulikipindua kivuko kikiwa na watu na magari. Daraja lenye urefu wa meta 384 lilifunguliwa na Rais John Magufuli Mei 2018, na ndilo linalobeba jina lake. Kisha lami ikafika: kipande cha Kidatu hadi Ifakara, kilometa 66.9, kilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2024.

Kwa hiyo utulivu anaoufaidi leo anauita utulivu wa kuchagua. Akitaka kwenda haraka, njia ipo. Hilo analisema kwa msisitizo, kwa sababu kucheleweshwa na kutulia ni mambo mawili, na aliyekaa ukingoni na mgonjwa hawezi kuyachanganya.

Kutulia kwenyewe hakukuja mara moja. Januari ya kwanza alitaka kujenga uzio, akamtafuta fundi mtaa mzima. Fundi yuko shamba. Muuza kokoto? Shamba. Balozi wa nyumba kumi? Naye shamba, na familia yake. Bonde la Kilombero linakwenda kwa mpunga. Mvua zikishika, watu wa mjini wanahamia mashambani, na kazi nyingine zote zinasubiri. Anayetaka fundi aje baada ya mavuno, kuanzia Juni au Julai, wakati pesa iko mfukoni na mtu ana nafasi.

Mwaka uliofuata akalima. Mke wake alichagua Supa kwa sababu ya harufu yake, jirani akamshawishi ajaribu na SARO 5, mbegu ya muda mfupi inayozaa vizuri ikipata maji na mbolea. Wakagawa shamba. Hapo ndipo alipoijua kazi iliyomfaa kuliko zote: kuamia ndege. Mpunga unapoanza kuweka maziwa, kwelea hushuka kwa makundi, na shamba lisilo na mtu linaweza kubaki makapi. Anakaa juu ya dungu tangu alfajiri na mjukuu wake, kamba imefungwa kwenye makopo yaliyotundikwa kona zote za shamba. Kundi likitua, anavuta. Makopo yanalia, ndege wanainuka, wanazunguka, wanakwenda kwa jirani, na jirani naye anavuta ya kwake. Kati ya kundi na kundi hakuna cha kufanya ila kutazama: safu ya Udzungwa kaskazini-magharibi, ukungu unaopanda, na bonde lililojaa maji hadi macho yanapoishia. Eneo hili oevu, lenye kilometa za mraba 7,967, liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar, na wakati huo lilihesabiwa kuwa makao makuu ya sheshe, swala wa majanini, duniani kote. Kwa miaka mingi alilikatiza bonde hili akitazama mashimo tu.

Maji hayohayo yana mbu. Jioni hakuna kukaa barazani: jua likizama, watu wa Ifakara wanajua pa kuwa. Mji huu una historia yake katika vita dhidi ya mbu. Miaka ya 1950 Mswisi Rudolf Geigy wa Basel alianzisha hapa maabara ndogo ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa KINET uliwauzia watu wa Kilombero na Ulanga vyandarua vilivyotiwa dawa, kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba uhai wa watoto wadogo waliolala kwenye vyandarua hivyo uliongezeka kwa asilimia 27. Mke wake anaikumbuka kampeni ile. Chandarua kwake ni kitu cha kwanza kuingia kwenye nyumba mpya, kabla ya kitanda chenyewe kupangwa.

Sasa marafiki wa barabarani wanampigia, hasa wanaokaribia kuacha usukani, wakiulizia viwanja. Bei anawaambia, majirani wema anawaambia, kitoga na perege wabichi wa sokoni anawaambia. Ila ana sharti moja. Wasije Septemba, bonde likiwa kavu na kila kiwanja kikionekana kizuri. Waje Aprili, wakati Mto Lumemo umefura na mabonde ya mjini yamejaa. Watembee kwa miguu, watazame alama ya maji ilipofika ukutani, wawaulize wazee wa mtaa maji yalifika wapi miaka iliyopita. Baada ya hapo ndipo watoe pesa.