Karo Huanzia kwa Naibu wa Chifu

Nilianza kufundisha Kiswahili na Historia katika shule ya kutwa nje kidogo ya mji wa Kitale mnamo 2008, mwaka ambao serikali ilianza kugharamia masomo katika shule za sekondari za kutwa. Kidato cha Kwanza kilijaa watoto ambao awali wangeishia kuvuna mahindi ya watu au kuchuuza mkaa. Wengine walitoka Matisi na Tuwan. Wengine walitoka Kipsongo, mtaa wa mabanda walikolowea Waturkana waliokimbia ukame na wizi wa mifugo. Mwishoni mwa 2011 walifanya KCSE, na kadhaa wakapata C+ au zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu. Mimi ndiye niliyesimamia ushauri nasaha shuleni, kwa hiyo walinijia wakiuliza pesa za chuo zitatoka wapi.

Pesa zilikuwapo, na hili nalisema bila kusita. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, ilikuwa imeundwa tangu 1995. Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, CDF, ilikuwa ikitoa basari tangu 2003. Karo ya masomo kwa mwanafunzi aliyechukuliwa na serikali ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka. Mtoto wa Kipsongo aliyepata mkopo angelipa karo hiyo, akabaki na cha kununulia unga na kulipia chumba. Kilichomzuia kilikuwa kitambulisho.

Bila kitambulisho, fomu ya mkopo haiendi popote. Huwezi kufungua akaunti ya benki, huwezi kupata namba ya PIN ya KRA, na hata laini ya simu ya kupokelea M-Pesa utasajili kwa jina la jirani. Kitambulisho nacho kinadai cheti cha kuzaliwa au ushahidi mwingine wa kuzaliwa, na afisa atataka kuona kitambulisho cha mzazi. Sasa mzazi mwenyewe alizaliwa malishoni huko Turkana Kusini, akahama na watoto mgongoni, akazeeka akifulia watu nguo mjini bila jina lake kuandikwa katika daftari lolote. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo limenishughulisha hadi leo: fedha zilizotengewa maskini zimewekwa mahali ambapo maskini kabisa hafiki. Anayezifikia ni maskini mwenye karatasi.

Kulikuwa na binti mmoja aliyelelewa na nyanya yake upande wa Kiminini. Alikuwa amepata B, akaitwa chuo kikuu kusomea ualimu. Wazazi wote wawili walikuwa wamefariki, na HELB humtaka yatima aambatishe vyeti vya vifo vya wazazi. Vyeti hivyo havikuwapo. Baba alizikwa nyumbani, mama akazikwa kando yake, na hakuna aliyekwenda kutafuta kibali cha mazishi. Nilifuatana nao hadi kwa naibu wa chifu. Nyanya alitoa pakiti kuukuu ya mbegu za mahindi, akaikung'uta mezani taratibu: kadi ya kliniki iliyoliwa ukingo na mchwa, kadi ya ubatizo, na picha moja ya mazishi, watu wamesimama kando ya jeneza.

"Mama, kijana wako alifariki lini?"

"Ule mwezi watu walichomana kwa sababu ya kura. Mahindi yalikuwa bado stoo."

Naibu wa chifu, mtu mwema na mwenye subira, akaandika Januari 2008. Akauliza majina ya waliochimba kaburi. Nyanya akayataja, na wawili wakaitwa kutoka shambani wakaja na matope miguuni kushuhudia. Hivyo ndivyo barua ya kwanza ilivyopatikana. Barua hiyo ilitupeleka kwa msajili wa vizazi na vifo, na vyeti vya vifo vikatupa nguvu ya kuomba cheti cha kuzaliwa cha binti, ambacho kilikuwa kimechelewa miaka mingi. Ilibidi tusajili vifo vya wazazi ndipo mtoto aliye hai atambuliwe. Kisha zikaja alama za vidole, karatasi ya kusubiri, na kusubiri kwenyewe.

Siku ya kuripoti chuoni ilifika kabla ya kitambulisho. Nilimwandikia msajili wa chuo kuomba binti aahirishe nafasi yake kwa mwaka mmoja, na akakubali. Jambo hili wazazi wengi hawalijui. Barua ya kuitwa chuoni si tikiti ya basi inayokufa gari likishaondoka. Mwanafunzi akieleza sababu yake kwa maandishi na mapema, nafasi inaweza kumngoja. Nimewaona watoto wakikata tamaa ilhali walihitaji ukurasa mmoja tu wa barua. Binti yule alikwenda mwaka uliofuata akiwa na mkopo, na sasa ni mwalimu.

Baadaye niliacha ualimu nikajiunga na shirika dogo la kijamii mjini Bungoma, na kazi ikawa hiyo hiyo kutwa nzima. Niliyoyakuta huko yalikuwa na sura nyingine. Mlima Elgon ulikuwa umechomwa zaidi ya mara moja, kwanza katika mapigano ya ardhi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha enzi za wapiganaji wa kundi la Sabaot Land Defence Force (SLDF) kuanzia 2006 hadi jeshi lilipoingia Machi 2008 katika Operesheni Okoa Maisha. Nyumba iliyoungua Cheptais au Kopsiro iliungua na kila karatasi iliyofichwa chini ya godoro. Mtoto aliyekimbizwa usiku akiwa darasa la tatu alifika kwangu akiwa na miaka 19, ana cheti cha KCSE na hana kingine.

Halafu kuna mpaka. Ukivuka mto pale Lwakhakha uko Uganda, na kwa familia za huko ng'ambo ni kwa mjomba. Wabukusu wana jamaa zao Wamasaba, Wasabaot wana jamaa zao Wasebei. Wakati huo kijana wa huko akiomba kitambulisho alipigwa msasa na wazee kwanza: ukoo gani, babu nani, babu wa babu nani, shamba liko wapi. Wazee wa Kibukusu wana hesabu yao, nami niliiheshimu sana. Tohara kwao hufanyika mwaka unaogawika kwa mbili bila baki, yaani 2012, 2014 na kuendelea, na kila rika lina jina. Mzee akimuuliza kijana baba yake aliingia rika gani na mwaka gani, anapata umri wa ukoo mzima bila daftari. Kijana aliyelelewa na baba alijibu yote hayo bila kusitasita. Aliyelelewa na mama peke yake alikwama, hasa kama mama huyo aliolewa kutoka upande wa Mbale, Uganda.

Kwa ajili ya hao nilitembea na nakala ya Katiba ya 2010, nimekunja ukurasa wa ibara ya 14. Inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mama yake au baba yake ni raia siku anapozaliwa. Mmoja anatosha. Inasema pia kwamba mtoto aliyepatikana Kenya, anayeonekana hajafika miaka minane na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Niliisoma kwa sauti mbele ya wazee, mbele ya maafisa, na mbele ya kijana mwenyewe, maana wengi walikuwa wameambiwa kwa muda mrefu kwamba wao si wa hapa hadi wakaanza kuamini. Na mnamo 2016 Jaji Mumbi Ngugi alipoamua kwamba mtoto wa mama asiyeolewa ana haki ya jina la baba katika cheti cha kuzaliwa, nilifurahi kama niliyeshinda kesi mimi. Nilikuwa nimeshika vyeti vingi ambavyo nafasi ya baba imejazwa herufi za X.

Wakati karatasi zinatafutwa, mtoto hawezi kukaa bure. Aliyetaka ufundi nilimpeleka chuo cha kiufundi mapema. Kuanzia 2018 karo ya vyuo hivyo iliwekwa kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, serikali ikitoa 30,000 kwa kila mwanafunzi anayestahili. Zilizobaki, 26,420, ukoo uliweza kuzikusanya. Harambee haiombi kitambulisho. Tulizifanya katika viwanja vya makanisa, Chwele na Kimilili, kuku na magunia ya mahindi yakinadiwa hadi jioni. Masharti yangu yalikuwa mawili: pesa ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na namba ya usajili ya mwanafunzi iandikwe kwenye risiti. Shangazi wengine walininunia kwa sababu hiyo, lakini karo ilifika. Hata hivyo, sikukubali kamwe mtoto aliyepata B na kuitwa kusomea uuguzi ashushwe hadi kozi asiyoitaka eti kwa sababu kitambulisho kimechelewa. Huyo tulimwombea kuahirisha, tukapigania karatasi zake.

Mwaka 2023 mambo yalizidi uzito. Mpango mpya wa kufadhili vyuo vikuu uliondoa karo ile ya 16,000, ukaweka gharama kamili ya kozi, kisha ufadhili na mkopo vikagawanywa kulingana na uhitaji wa mwanafunzi. Anayeshindwa kuomba hapunguziwi chochote. Nimeona vijana wa Kimilili na Saboti wakinionyesha kwenye simu bili za mamia ya maelfu ya shilingi, wazazi wao wakiwa vibarua wa mashamba ya miwa na mahindi. Zamani asiye na kitambulisho alikosa mkopo. Sasa anadaiwa kama mtoto wa tajiri.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais alitia saini tangazo la kuondoa msasa wa ziada kwa wanaoomba vitambulisho katika kaunti za mpakani. Nililipokea kwa shukrani. Lakini msasa ni mlango mmoja tu. Vifo visivyosajiliwa bado vipo, akina mama wasio na vitambulisho bado wapo, na nyanya wenye pakiti za mbegu bado wapo.

Siku hizi siwangoji wanafunzi wamalize sekondari. Ninakwenda kwao ikiwa bado imebaki miaka miwili au zaidi, nawaomba walimu waniachie kipindi kimoja, na siulizi habari za vyuo. Nauliza nani hajui kitambulisho cha mama yake kiliko, na nani alizika mzazi bila cheti. Wanaonyanyua mikono huandikwa, na wiki hiyo hiyo tunaanza safari ya kwa naibu wa chifu, kwa maana miaka miwili inatosha kukamilisha njia yote bila kumpotezea mtoto hata muhula mmoja.

Na wanaotoa mikopo na basari ninawaomba jambo moja. Mpokeeni mwanafunzi kwa karatasi ya kusubiri na barua ya chifu katika muhula wa kwanza, mlipe pesa hizo kwa chuo chenyewe, kisha mdai kitambulisho muhula wa pili. Chuo kina akaunti, mwanafunzi ana namba ya usajili, na chifu ana muhuri. Pesa hizo zina mahali pa kupitia bila kupotea.