Chombo cha Njia na Hati Yake

Juu ya mnara wa msikiti ulioko kilima cha Old Kampala, uliofunguliwa mwaka 2008, mgeni huona vilima vya mji na barabara ziendazo mbali. Lakini dereva aelekeaye nyika za Karamoja hutegemea chombo kipokeacho ishara za setilaiti zilizo juu kiasi cha kilometa 20,200. Kikizima huko, maji na petroli huweza kuisha, roho za abiria zikawa hatarini. Basi, kabla ya kuuaga mji, mnunuzi na akipime chombo chake vilimani, atunze stakabadhi na hati ya dhamana. Muuzaji akisingizia vumbi, akumbushwe sheria ya Uganda ya mwaka 2017, itakayo bidhaa ifae kwa kazi iliyokusudiwa. Majuto ni mjukuu.